Sikio la Mbali: Bunia na Zama za Mawimbi Mafupi

Kilohezi 5066 ni masafa ambayo vijana wa Bunia waliozaliwa baada ya vita hawayajui, wala hawana sababu ya kuyajua, kwa kuwa redio za simu zao hazifiki huko. Lakini katika miaka ya 1980 na ya 1990 walikuwako watu Finlandi, Uswidi, Ujerumani na Japani, ambao hawakupata kuiona Ituri na hawakutaraji kuiona maishani mwao, walioyavizia masafa hayo jioni baada ya jioni, na yeyote kati yao aliyejaliwa kuinasa sauti ya Radio Candip ya Bunia, ijapokuwa kwa dakika tano tu na katikati ya ngurumo za radi za ikweta, alihesabu kwamba amepata tunu ya kuwasimulia wenzake kwa miaka mingi. Mtambo wenyewe ulikuwa wa kilowati moja, nguvu isiyozidi ile inayotumiwa na pasi ya umeme, nao haukuwekwa kwa ajili ya Finlandi wala Japani, bali kwa ajili ya walimu na wanavijiji wa Djugu, Irumu, Mahagi, Aru na Mambasa, maana Candip, iliyokuwa tawi la chuo cha ualimu cha ISP Bunia, ilikusudiwa kueneza elimu kwa watu walio mbali na chuo.

Huo ulikuwa upande mmoja wa mambo. Upande wa pili, katika nyumba za Mudzi Pela, Nyakasanza na Lumumba, na katika vijiji vya milimani hadi ufuoni mwa Ziwa Albert, masikio yalielekezwa nje: London, Dar es Salaam, Köln, Washington, Moscow, Beijing, Cairo. Ulimwengu uliisikiliza Bunia kwa uraibu. Bunia iliusikiliza ulimwengu kwa haja. Nataka kuyanena yote mawili, kwa kuwa yote mawili yanakoma mbele ya macho yetu, na mengi yaliyoandikwa juu ya kukoma kwake yameandikwa na wenye uraibu, wala si na wenye haja.

Kwanza yafaa kuuliza ni kwa nini mji kama huu uliwekewa mtambo wa mawimbi mafupi. Yeyote aliyesafiri Ituri analo jibu miguuni mwake. Ukitoka Bunia kuelekea Kasenyi, nchi inaporomoka ghafula hadi ziwani; ukielekea Mongbwalu, ni vilima juu ya vilima; ukipita Komanda kwenda Mambasa, msitu unakupokea na safari nzima iliyobaki ni yake. Mawimbi ya FM hayajui kupinda: kilima kikisimama kati ya mlingoti na msikilizaji, maneno huishia kilimani. Mawimbi ya kati nayo, ambayo Ulaya iliyategemea kwa miaka mingi, katika nchi hizi za radi za kila alasiri hujaa mikwaruzo hata msikilizaji akaona heri azime. Mawimbi mafupi yana njia nyingine: hupaa hadi ionosfera, yaani zile tabaka za anga zilizo baina ya kilomita 100 na 400 hivi juu ya vichwa vyetu, ambazo jua huzitia umeme, na kutoka huko hurejeshwa chini, na yakirushwa wima kwa masafa ya chini, kama yale ya 5066, hurudi na kumwagika pande zote kama maji ya bomba lililoelekezwa juu, yakaingia mabondeni na nyuma ya vilima pasipo kubagua. Kwa sababu hiyo mataifa yalikubaliana zamani kuzitengea nchi za joto bendi zao maalumu, na moja katika hizo, bendi ya mita 60, hukomea kilohezi 5060. Candip ilikaa nje kidogo ya ukingo huo, mahali ambapo majirani walikuwa wachache, na hapo ndipo penye siri ya umashuhuri wake ughaibuni: kilowati yake moja haikufunikwa na mtu.

Usiku una hukumu zake. Mchana, tabaka la chini kabisa la ionosfera huyameza mawimbi ya masafa ya chini kabla hayajafika mbali. Jua likizama, tabaka hilo hutoweka ndani ya muda mfupi mno, na sauti iliyokuwa ikiishia Mahagi ikaweza kufika Ulaya. Bunia, ambayo iko karibu kabisa na mstari wa longitudo 30 mashariki, ina bahati ya kuwa na saa zinazoafikiana na jua, maana mstari huo ndio hasa ulio mbele ya Greenwich kwa saa mbili kamili. Na kwa kuwa ikweta iko karibu, magharibi hapa huingia saa kumi na mbili, ikipungua au ikizidi dakika chache, mwaka mzima. Msikilizaji wa Bunia hakuhitaji jedwali la nyakati. Aliposikia adhana, au alipoona popo wakitoka, alijua anga limefunguka.

Jioni hizo zilikuwa na kazi zake za mikono. Mawe ya redio yaliyochoka yalikuwa yameanikwa juani tangu asubuhi ili yarudishe nguvu kidogo, nguvu ya nusu saa pengine, na nusu saa ilitosha taarifa ya habari. Waya wa shaba, aghalabu uliochopolewa katika mota iliyoungua, ulitoka dirishani ukapanda juu ya mparachichi, na ncha yake iliyokwanguliwa kwa kisu ilizungushwa mara tatu juu ya antena iliyovunjika. Kisha kitufe: si kwa kukizungusha, bali kwa kukisukuma kwa ukucha, maana upana wa unywele ulitosha kukutoa London ukajikuta Moscow. Filimbi nyembamba husikika kwanza, inashuka kadiri unavyokaribia, inazama, na ndani yake anatokea mtu anayezungumza. Sauti ilijaa na kupwa. Ikijaa, chumba kizima kilinyamaza. Ikipwa, mwenye nyumba alisogeza redio shubiri moja kuelekea dirishani, akaishika kwa mikono miwili, na watoto wakakatazwa kupita kati yake na ukuta. Mtangazaji alitaja saa za Afrika Mashariki, na kila mtu chumbani akaondoa moja kimyakimya, kwa kuwa Kampala na Nairobi ziko mbele yetu kwa saa moja. Vizazi vya watoto wa Bunia vilijifunza hesabu ya kutoa kwa Dira ya Dunia ya BBC.

Sasa nirudi kwa wale wa Finlandi. Uraibu wao, ambao wenyewe huuita DX, ni uwindaji wa vituo vya mbali, na mawindo ni ushahidi kwamba umesikia. Mwindaji huandika barua kwa kituo, akataja tarehe, saa ya Greenwich, masafa na yaliyosikika, halafu akatia tarakimu tano ziitwazo SINPO, kila moja ikianzia 1 iliyo mbaya hadi 5 iliyo njema: nguvu ya sauti, bughudha ya vituo vingine, mikwaruzo ya anga, kujaa na kupwa kwa mawimbi, na hali ya jumla. Candip iliyosikika Ulaya kwa 24322 ilikuwa Candip iliyosikika vizuri. Barua hiyo iliambatishwa na kuponi ya majibu ya kimataifa, ambayo ofisi za posta ziliitambua tangu 1907, ili kituo maskini kisigharimie stempu, kisha ikaanza safari ya kuja huku. Vituo vikubwa vilijibu kwa kadi za rangi ziitwazo QSL. Vituo vidogo vya Afrika, vikijibu, vilijibu kwa karatasi iliyopigwa taipu na kugongwa muhuri, na karatasi hiyo ndiyo iliyotafutwa kuliko kadi zote, kwa sababu ya uadimu wake.

Kuna watakaocheka, nami sidhani wana kosa. Mtu anakaa kwenye theluji, anasikiliza somo la kilimo kwa Kiswahili asichokijua, anaandika kwamba mwanamume alinena, ukafuata muziki wenye magitaa, naye anaridhika. Lililosemwa halimhusu, alitakalo ni kwamba limefika. Lakini uraibu huo, ambao haukuwa na nia yoyote ya kutunza historia, uliitunza. Katika majarida ya wawindaji hao zimo tarehe na saa ambazo sauti ya Bunia ilikuwa hewani, ilipobadili jina la kujitambulisha, ilipotoweka na iliporejea, na kwa mji ambao ofisi zake ziliporwa mara zisizo na idadi si jambo la kudharau kwamba mgeni wa mbali aliandika, pasipo kujua thamani yake, kuwa jioni fulani tulikuwako.

Wala haikuwa mara ya kwanza kwa sauti ya Kongo kusikilizwa huko Ulaya. Redio ya serikali ya kikoloni, Radio Congo Belge, ilianza 1940; na Ubelgiji ilipokuwa chini ya Wajerumani, ulijengwa Léopoldville mtambo wa kilowati 50, ukazinduliwa Mei 1943, ambao kazi yake moja ilikuwa kuwapelekea Wabelgiji waliokaliwa habari ambazo wenye nguvu wa nchi yao hawakutaka wazisikie. Mbelgiji aliyejifungia chumbani Brussels akapunguza sauti ili askari wasisikie alikuwa akiisikiliza Kongo kwa haja ile ile, na kwa hofu ile ile, ambayo Kongo ilikuja kuwa nayo baadaye. Nashangaa kwamba jambo hili halisimuliwi zaidi.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia zikaja zama za redio kuwa mali ya mtu wa kawaida. Rhodesia ya Kaskazini ilitangulia, mwaka 1949, kwa redio ya betri iliyofungwa ndani ya sufuria ya alumini na kuuzwa kwa pauni tano. Kisha transista ikamaliza kazi. Na mara tu watu walipokuwa na redio, dola zote zenye haja na Afrika ziligundua kwamba Kiswahili ndicho kifunguo. Cairo ilianza 1954, na sauti za Waswahili walioalikwa huko, miongoni mwao Mzanzibari Ahmed Rashad Ali, zikawanyima usingizi magavana wa Kiingereza, BBC ikafuata Juni 1957, Beijing 1961, Sauti ya Amerika 1962, Deutsche Welle 1963. Kila mmoja alikuja na ajenda yake, na wasikilizaji wetu, ambao hawakuwa wajinga, walilijua hilo. Mzee wa Bunia aliyeisikia Moscow saa moja, Washington saa mbili na Dar es Salaam saa tatu hakuamini yoyote kati ya hizo peke yake. Aliipima hii kwa ile, na palipoafikiana watu wasiopendana, hapo akaweka imani yake. Sijui shule ya uandishi wa habari inayofundisha vizuri kuliko hivyo.

Kipindi hicho, kituo cha Kinshasa chenyewe, La Voix du Zaïre, kilikuwa na mengi ya kusema juu ya Mobutu na machache juu ya mshahara wa mwalimu. Ndiyo maana kuanguka kwa Mobutu, kuanzia 1996 hadi Mei 1997, watu wa mashariki walikufuata mji baada ya mji kupitia mawimbi yaliyotoka nje ya nchi. Askari waliokimbia, wasemavyo wengi, walikuwa na transista zao, nao walikimbia kwa kufuata taarifa ya habari.

Nafika sasa mahali pagumu, na sitapita upesi. Tarehe 2 Agosti 1998 vita vya pili vya Kongo vilizuka, na katikati ya mwezi huo kituo cha redio cha Bunia, kilichokuwa bado upande wa serikali ya Laurent-Désiré Kabila, kilitangaza maneno ya kuwaagiza wasikilizaji wachukue mapanga, mikuki, mishale, majembe, marungu, mawe, na hata pasi za umeme na seng'enge, ili kuwaua Watutsi wa Rwanda. Yalisomwa kwa utaratibu, kwa lugha ya adabu, na wasikilizaji wakaitwa wapendwa. Mtambo uliojengwa kwa ajili ya walimu ulikuwa umepewa somo jingine. Mwezi huo huo mji ukaangukia mikononi mwa majeshi ya Uganda na waasi, na maikrofoni ikapata bwana mwingine, kama ilivyokuwa itokee tena na tena katika miaka mitano iliyofuata.

Maneno yale yanajulikana leo duniani kwa sababu moja tu. Idara ya BBC ya kusikiliza redio za wengine, BBC Monitoring, iliyanasa, ikayafasiri, ikayachapisha, na ndani ya siku chache yakawa mezani kwa mabalozi. Miaka minne kabla ya hapo, RTLM ya Kigali ilikuwa imefanya kazi ya namna hiyo kwa FM, na nje ya Rwanda ni wachache walioisikia kwa masikio yao. Mawimbi mafupi yana aibu hii, au fadhila hii, kwamba hayawezi kunong'ona: anayewasemesha watu wa Djugu anawasemesha pia wageni asiowajua, na ubaya ukisemwa kwayo unasemwa mbele ya mashahidi. Sikio lile la mbali, ambalo tumeliona likicheza na tarakimu tano za SINPO, lilikuwa chombo kile kile. Tofauti ilikuwa katika dhamira ya mwenye nalo tu.

Vita vya Ituri, vilivyoanza 1999, vikafika kilele chake Mei 2003 katika mitaa ya mji huu, na mwezi uliofuata vikaleta askari wa Umoja wa Ulaya chini ya uongozi wa Ufaransa, vilikuwa pia vita vya kuishika redio ya mji. Aliyeshika mji ndiye aliyetangaza. Katika hali hiyo ndipo ilipoingia Radio Okapi, iliyozaliwa tarehe 25 Februari 2002 kwa ushirika wa ujumbe wa Umoja wa Mataifa na shirika la Uswisi la Fondation Hirondelle, ikachukua jina la mnyama wa msitu wetu wa Epulu, ikasema kwa Kifaransa, Kiswahili, Kilingala, Kikongo na Tshiluba. Okapi ilijengwa juu ya FM, mji kwa mji, ikiyatumia mawimbi mafupi kwa saa chache tu ili kuwafikia walio mbali na milingoti. Ilifanya kazi njema, na inaendelea kuifanya. Lakini ndiyo iliyotuzoesha kudhani kwamba FM inatosha.

Kwamba FM haitoshi tulikumbushwa Juni 2009. Redio ya Kimataifa ya Ufaransa, RFI, iliyokuwa ikisikika hapa kwa FM safi isiyo na mkwaruzo hata mmoja, ilinyamazishwa Bunia na Bukavu, kisha Julai ikanyamazishwa nchi nzima kwa amri ya serikali, nayo haikurejea hadi Oktoba 2010. Haukuhitajiwa ujuzi wowote: mlingoti wa FM unasimama ndani ya nchi, una kibali, una mlinzi na swichi. Mwisho wa Desemba 2018, baada ya uchaguzi, mambo yakawa yale yale, safari hii pamoja na intaneti, iliyozimwa kwa siku ishirini hivi, na simu zote za kisasa za Bunia zikageuka tochi. Mtambo wa mawimbi mafupi ulio Ascension au São Tomé hauna swichi Kinshasa. Serikali ikitaka kuuziba haina budi kujenga mtambo mwingine wa kupiga kelele juu ya masafa yale yale, kazi ya gharama na ya fedheha, ambayo serikali zetu hazikuwa na fedha zake.

Basi ni nani aliyeuzima, ikiwa watawala wetu hawakuweza? Waliuzima wenyewe walioujenga. Vita Baridi ilipokwisha, hamu ya kutusemesha ikapoa. Mabunge ya Ulaya yakauliza kwa nini yalipie bili za umeme za mitambo ya kilowati 250 na 500 ili kumfikia msikilizaji asiyepiga kura kwao. Na wahasibu, waliokuwa na hesabu za waliobofya tovuti lakini hawana njia ya kumhesabu mtu aliyekaa chini ya mparachichi na waya wa shaba, wakahukumu kwamba asiyehesabika hayupo. Uswisi iliondoka 2004. Kanada na Uholanzi ziliondoka Juni 2012, mwezi mmoja. Sauti ya Urusi ilikoma 2014, mwaka ambao BBC nayo ilifunga kituo chake cha Shelisheli kilichokuwa kikiihudumia Afrika Mashariki tangu 1988. Machi 2015 Deutsche Welle ikaufunga mtambo wake wa Kigali, uliokuwa kilomita kama mia nne kusini mwetu na wenye umri wa miaka hamsini. Channel Africa ya Afrika Kusini ikaacha mawimbi mafupi 2019. Vituo vya nchi jirani katika bendi za nchi za joto, vya Kampala, Nairobi, Kigali na Bujumbura, ambavyo vilikuwa havihitaji kuruka bahari ili kutufikia, vilitoweka kimoja kimoja bila hata tangazo la kuaga; na kwangu mimi hao ndio msiba mkubwa zaidi, ijapokuwa hakuna jarida la Ulaya lililowaandikia tanzia. Halafu tarehe 15 Machi 2025, kwa amri iliyotoka Ikulu ya Marekani siku moja kabla, watumishi wa Sauti ya Amerika wakaambiwa wasiingie kazini, na Kiswahili cha Washington kilichoanza 1962 kikakatika ghafula.

Kusema kweli, hata vituo vingerudi vyote kesho, visingekuta anga lile lile. Bunia ya leo ina paneli za jua juu ya kila bati, na chini ya kila paneli kuna kidhibiti chaji na kibadilisha umeme cha bei nafuu kinachomwaga makelele ya redio kuanzia mita 90 hadi mita 19; taa za LED zinavuma, chaja za simu zinavuma. Fundi mmoja wa soko kuu, ambaye meza yake imejaa redio za Kichina zilizoandikwa bendi nane kwa herufi za dhahabu, alinifungulia moja akanionyesha kwamba bendi saba kati ya hizo zinapitia koili moja dhaifu isiyoweza kuchuja kitu. Akaniambia: "Papa, hiyo SW wanaiandika kwa urembo. Watu wanataka tundu la flashi." Nilimwuliza kama ana redio ya zamani ya kuuza. Akacheka, akasema za zamani huletwa na wazee ili zitengenezwe, hazikubali kuuzwa.

Mahali pa mawimbi mafupi pamechukuliwa na sauti za WhatsApp. Sizidharau, katika vijiji vya Djugu zimeokoa watu waliopata onyo kabla ya washambuliaji kufika, jambo ambalo London isingeweza kulifanya. Lakini sauti hiyo haina jina, haina saa, haina anwani, na kesho hairudi kujisahihisha. Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, na tangu hali ya kuzingirwa, yaani utawala wa kijeshi, ilipotangazwa Mei 2021, nimesikia sauti moja ikizunguka mji kwa wiki tatu, kila mara ikiwa imetokea jana. Mtangazaji wa Moscow alikuwa na hila zake, ila ulijua ni Moscow, na saa moja baadaye ulikuwa na Washington ya kumpimia.

Kwa msomaji ambaye bado ana redio kabatini, au kijana ambaye uraibu huu unamvuta, kazi haijakwisha. China ingali hewani kwa nguvu kubwa na kwa Kiswahili, Romania inaendelea, BBC inabakiza saa zake kwa Afrika, na makanisa hayajachoka. Tafuta waya wa mita kumi au zaidi, uupandishe mbali na bati lenye paneli, na uzime kibadilisha umeme cha nyumbani kabla ya kuanza, ukimwomba na jirani akukubalie kwa nusu saa. Anza magharibi katika mita 25, na giza likikomaa shuka mita 31, kisha 49. Weka daftari, andika saa ya Greenwich, ambayo kwa hapa ni kutoa mbili. Ripoti za siku hizi hupokewa kwa barua pepe, na kadi za QSL za Beijing na Bucharest zingali zikitumwa. Kwa anwani ya posta ya Bunia ni afadhali kuomba ile ya picha, inayofika siku ile ile ikiwa mtandao upo.